Bushi Isiyoonekana: Kutia Grisi Ekseli ya Mbele ya Fowili

Haya, tuanze kwa kitendawili. Nyumba yangu haina mlango. Mtoto yeyote atajibu upesi kwamba ni yai. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya nyumba nyingine isiyo na mlango. Imo ndani ya gurudumu la mbele la gari la fowili, yaani gari ambalo injini yake yaweza kuyavuta magurudumu yote manne. Ndani ya nyumba hiyo anakaa mpangaji mmoja mdogo, jina lake bushi.

Mwalimu, tafadhali liandike neno hilo ubaoni: BUSHI. Bushi ni bomba fupi la madini laini ya jamii ya shaba. Kazi yake ni kukaa kati ya vyuma viwili vigumu ili visisagane. Zipo bushi nyingi katika gari, na nyingi kati ya hizo mtu aweza kuziona akiinama chini ya gari. Sehemu nyingine za gari, kama viungo vya propela, zina kitundu maalum ambapo pampu ya grisi huumana, fundi akapiga mara tatu nne na kazi ikaisha. Bushi tunayoizungumza leo haina kitundu cha namna hiyo katika magari mengi. Kwa hiyo watu huisahau. Gari linapelekwa gereji, linapigwa grisi kila mahali panapoonekana, mwenye gari anaambiwa limekwisha, anaondoka ameridhika. Na bushi imebaki kavu.

Sasa tuangalie mahali inapokaa. Fikiri juu ya mguu wako. Upo muundi, upo wayo, na kati yao kipo kifundo kinachokuwezesha kuugeuza wayo huku na huku. Gurudumu la mbele nalo ni hivyo hivyo. Ekseli ni muundi, gurudumu ni wayo, na kati yao kipo kifundo cha chuma kinachogeuka dereva anapokata usukani. Katika kifundo hicho limefungwa kwa bolti bomba nene lililochomoza nje. Bomba hilo huitwa spindeli. Juu ya spindeli zinakaa beringi mbili kubwa, na juu ya beringi linazunguka gurudumu. Uzito wa gari unabebwa hapo.

Lakini kumbuka kwamba spindeli ni bomba, ina uwazi katikati. Ndani ya uwazi huo inapita shafti, yaani fimbo ya chuma inayoleta nguvu kutoka katika difu mpaka kwenye gurudumu. Ninyi wafugaji mtaelewa kwa urahisi zaidi mkikumbuka shingo ya kibuyu cha maziwa na kile kijiti mnachokiingiza kusafishia. Shingo ya kibuyu ni spindeli. Kijiti ni shafti. Ukikizungusha kijiti bila kukiweka katikati, kitagonga upande huu na upande ule na kuikwaruza shingo. Hapo ndipo bushi inapofanya kazi. Imebandikwa ndani ya spindeli, inaishika shafti katikati, nayo shafti inazunguka ndani yake juu ya utando mwembamba wa grisi. Katika magari mengine, badala ya bushi ya shaba zimewekwa beringi ndogo za vijiti vyembamba kama sindano, lakini kazi ni moja na njaa ya grisi ni ile ile.

Hapa pana jambo ambalo hata madereva wa siku nyingi hulikosea. Bushi hii haibebi uzito wa gari. Ukilipandisha gurudumu kwa jeki na kulitikisa kwa mikono miwili, unazipima beringi za gurudumu na beringi za kifundo. Hujaipima bushi hata kidogo. Bushi yaweza kuwa imekwisha kabisa na gurudumu likatulia kama jiwe. Ndiyo maana nasema ni mpangaji asiyepiga kelele, na ukiisikia sauti yake mara nyingi imekwisha chelewa.

Je, inazunguka kiasi gani? Tufanye hesabu kidogo, na kila mmoja achukue daftari lake. Tairi la kipimo cha 7.50-16, ambalo magari mengi ya Land Rover na Land Cruiser yamelitumia, likizunguka mara moja huenda karibu meta mbili na nusu. Kilomita moja ni meta 1,000. Gawanya 1,000 kwa mbili na nusu. Jibu ni 400. Basi katika kilomita 100 gurudumu huzunguka kama mara 40,000. Ikiwa shafti imefungamana na gurudumu, nayo imezunguka mara 40,000 ndani ya bushi. Sasa waza shafti hiyo inazunguka bila grisi, tena penye mchanga.

Nimesema “ikiwa imefungamana”. Hapo tusimame, kwa maana jambo hili lina faida kwa mtu aliyejifunza kusoma. Katikati ya gurudumu la mbele la magari mengi ya fowili kuna kifuniko cha mviringo ambacho mafundi wengi hukiita friwili. Juu yake yameandikwa maneno mawili ya Kiingereza, FREE na LOCK. Mwalimu ayaandike ubaoni kwa herufi kubwa, kama yalivyo kwenye chuma. Mshale ukielekea FREE, gurudumu linazunguka peke yake juu ya beringi zake, shafti imetulia, na bushi inapumzika. Mshale ukielekea LOCK, shafti imefungwa pamoja na gurudumu. Basi shafti huzunguka wakati wote gari linapokwenda, hata kama dereva hajaivuta gia ya fowili. Wengi hudhani kwamba maadamu mti wa gia uko mahali pa magurudumu mawili, mbele hakuna kinachofanya kazi. Sivyo. Friwili ikiwa LOCK, bushi iko kazini tangu gari lilipoondoka nyumbani.

Kuna madereva wanaoweka LOCK mwaka mzima kwa sababu hawapendi kushuka matopeni kuzungusha kifuniko. Siwalaumu. Ukikwama katika tope jeusi la mbuga wakati wa masika, usiku, nyuma kuna mgonjwa, hutapenda kupiga magoti katika maji kutafuta mshale. Lakini mtu wa namna hiyo ajue kwamba bushi zake zinafanya kazi maradufu, naye azifungue kwa wakati wake. Kadhalika kuna yule asiyegusa LOCK miezi sita. Huyu naye ana hasara yake, kwa maana grisi na oili hushuka chini, sehemu za juu hubaki tupu, na kutu huanza. Kitabu cha Toyota kwa magari ya namna hii humshauri mwenye gari aendeshe kwa fowili walau kilomita 16 kila mwezi ili mafuta yasambae. Fanya hivyo penye udongo au changarawe. Usiivute gia ya fowili kwenye lami kavu, maana katika kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na ile tofauti ikikosa pa kutokea, vyuma vya ndani hubanana mpaka kitu kikatike.

Sasa, kwa nini maneno haya nayasema hasa kwa watu wa Ngorongoro na Karatu? Kwa sababu adui wawili wa bushi, vumbi na maji, wamejaa kwenu. Udongo wa sehemu hizo una majivu mengi ya volkano. Ol Doinyo Lengai ulilipuka kwa nguvu mwaka 1966, na tena mwaka 2007 na 2008, ukamwaga majivu nchi nzima iliyouzunguka. Ukipita nyanda za Salei wakati wa kiangazi, vumbi lile jepesi huingia hata ndani ya saa ya mkononi. Kipande cha barabara kutoka Wasso kwenda Sale kimetiwa lami, nasi twashukuru, lakini gari la Oloipiri haliishi maisha yake yote juu ya lami. Na kule Kreta ya Ngorongoro, ambako gari lisilo fowili haliruhusiwi kushuka, magari ya watalii ya Karatu hushuka kama meta 600 kutoka ukingoni mpaka chini na kuzipanda tena siku hiyo hiyo. Mpando ule ni kazi kubwa kwa ekseli ya mbele.

Maji nayo yana hila yake. Gari limetembea, gurudumu limepata moto, hewa iliyo ndani imetanuka. Mara dereva anaingia korongoni. Maji baridi yanapoza chuma ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na panapokuwa na nafasi ndogo tu kwenye sili, maji yananyonywa kuingia ndani. Maji yakichanganyika na grisi, grisi hugeuka rangi ya maziwa na kupoteza nguvu. Kwa hiyo gari likipita maji yaliyofunika katikati ya gurudumu, usingoje zamu ya kawaida. Lifungue mapema.

Kabla ya kufungua, tazama nje kwanza. Nyuma ya gurudumu utaona tufe la chuma linalong'aa, ndilo kifundo kinaloligeukia. Tufe hilo likiwa na unyevu kidogo wa grisi, ni vyema. Likiwa kavu kabisa na lenye kutu, si vyema. Na ukiona kitu chembamba kinachuruzika kama uji wa mgonjwa mpaka ndani ya rimu, basi oili ya difu imepita sili ya ndani na kuingia katika kifundo, ikaiyeyusha grisi. Lakini angalia usidanganyike. Magari mengi ya zamani ya Land Rover hayatiwi grisi katika kifundo bali hutiwa oili tangu kiwandani, na hapo kinachotazamwa ni kama oili imepungua.

Oili ikivuja ndani ya kifundo, fundi mwenye haraka atabadilisha sili na kukurudishia gari. Muulize kama amesafisha tundu la kupumulia la ekseli. Juu ya ekseli kipo kitu kidogo, huenda hakizidi ncha ya kidole, ambacho hutoa hewa difu linapopata moto. Vumbi likikiziba, hewa hukosa njia, na nguvu yake huisukuma oili kupita sili hata kama sili ni mpya. Nimeona heri nilitaje jambo hili hata kama somo letu ni la bushi, maana si ajabu kuona sili zinalaumiwa bure.

Basi tufungue. Kazi hii ni ya fundi, lakini mwenye gari anayejua hatua zake hadanganywi. Gari lisimamishwe mahali palipo sawa, magurudumu ya nyuma yawekewe mawe, lipandishwe kwa jeki na kuwekwa juu ya vigingi vya chuma. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gurudumu litolewe. Kikamata breki kikifunguliwa kifungwe juu kwa waya, kisining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Vumbi la breki lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe kwa mdomo, kwa maana ni sumu kwa mapafu.

Baada ya hapo hutolewa friwili. Kwanza kofia yake, kisha pete ndogo ya chuma iliyo kwenye ncha ya shafti, kisha nati zake. Katika Land Cruiser nati hizo zina pete zenye umbo la pia, nazo huganda. Zigongwe taratibu kwa kipande cha shaba mpaka ziruke, zisichokolewe kwa bisibisi. Ndipo zinakuja nati mbili kubwa za beringi, na kati yao kibati chenye masikio yaliyokunjwa. Nyosha masikio, fungua nati, toa beringi ya nje, na nyumba yote ya gurudumu itatoka pamoja na diski ya breki.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoishia. Wanasafisha beringi mbili, wanazijaza grisi mpya, wanarudisha. Beringi zimepona kweli, lakini bushi haijaguswa, kwa maana imo ndani zaidi, ndani ya spindeli yenyewe. Lazima zifunguliwe na zile bolti zinazoishika spindeli kwenye kifundo, kisha spindeli igongwe polepole kwa nyundo ya mpira au gogo, mpaka itoke mkononi. Kama spindeli haikutoka, bushi haikutiwa grisi. Wala usikubali ukiambiwa kwamba grisi iliyosukumwa kupitia kizibo cha juu cha kifundo imefika huko. Grisi ile hukijaza kiungo chenye gololi kilichomo katika kifundo, na hiyo ni faida, lakini kufika kote ndani ya bushi hakuna hakika.

Ukiishika spindeli, ielekeze kwenye mwanga na utazame ndani. Bushi nzima ni laini na yang'aa sawasawa. Pitisha kidole. Ukihisi mifereji, au ukiona upande mmoja umelika kuliko mwingine, au bushi inacheza mahali pake, ibadilishwe. Itazame na shafti pale inapopita. Bushi imefanywa laini kwa makusudi, ili yenyewe ilike na shafti ipone. Bushi ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na shafti. Lakini ikikaushwa muda mrefu, hata shafti hukwaruzwa, ikaanza kuyumba, ikaharibu sili, na grisi ya kifundo ikapata njia ya kukimbilia kwenye gurudumu.

Safisha kila kitu kwa dizeli au mafuta ya taa, kamwe si kwa petroli, maana cheche moja yatosha kuunguza gereji. Kausha vizuri. Kisha chukua grisi kwa kidole na uipake ndani ya bushi pande zote, ukiisukuma mpaka hapana mahali pakavu. Paka na shafti. Gasketi ya spindeli ikiwa imechanika, tia mpya. Katika kifundo cha Land Cruiser jaza kama robo tatu tu. Anayejaza mpaka pomoni anadhani anafanya hisani, kumbe grisi ikipata moto hutanuka na kuzisukuma sili. Nati za beringi zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, maana zikikazwa mno beringi huungua, na zikilegea gurudumu huyumba.

Na grisi yenyewe ni ipi? Hapa tena kusoma kunasaidia. Juu ya mkebe tafuta herufi NLGI na tarakimu inayofuata. Tarakimu hiyo hueleza ugumu wa grisi, na inayotakiwa hapa ni 2. Kwa beringi za gurudumu tafuta neno LITHIUM. Kwa kiungo cha kifundo na kwa bushi, grisi ifaayo ni ile nyeusi yenye molibdeni. Mkebe wake huwa na neno MOLY au herufi MoS2. Usichanganye grisi mpya na ya zamani usiyoijua, kwa maana aina nyingine zikikutana hulainika na kukimbia kama maji. Futa ya zamani yote.

Kuhusu muda, fuata kitabu cha gari lako, lakini kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya vumbi la Salei. Mimi ningeifungua ekseli ya mbele mara moja kila mwaka, mwezi wa Juni, masika yakiisha, ili maji yote yaliyoingia yatoke kabla hayajafanya kutu. Wengine hupenda kabla ya mvua. Nao wana hoja, ila wataziingiza grisi mpya majini mara moja.

Tena kuna daftari. Gari linalobeba wagonjwa kwenda Wasso, au chanjo za ng'ombe, huendeshwa leo na huyu na mwaka ujao na yule. Dereva mpya atajuaje bushi zilifunguliwa lini? Mama mwenye uchungu hawezi kungoja dereva akisie. Liwemo daftari ndani ya gari, na ndani yake mstari mmoja tu, kwa mfano: “Tarehe 14 Juni. Kilomita 184,300. Mbele kushoto: spindeli imetolewa, bushi nzima, grisi nyeusi. Mbele kulia: spindeli imetolewa, bushi mpya.” Tazameni neno “imetolewa”. Fundi akiandika “gari limepigwa grisi” peke yake, hatujajua kitu.

Kazi ya darasa ni hii. Kabla ya juma lijalo, nendeni wawili wawili mpaka penye gari la fowili, na mwombe ruhusa ya mwenyewe. Mmoja asome kwa sauti neno linaloelekewa na mshale wa friwili, kushoto na kulia, maana huenda mkakuta moja ni FREE na jingine ni LOCK. Mwingine apitishe kidole juu ya tufe la kifundo na aandike alichokiona: kavu, unyevu, au uji. Kisha mwandike kilomita zinazoonekana kwenye saa ya gari, na mumwulize dereva spindeli zilitolewa lini. Jibu lake liandikeni kama alivyolisema. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutakifungua kifundo chenyewe na kuzitazama beringi zake mbili, ya juu na ya chini. Kwaherini.